Visoda Viwili kwa Mtu Mrefu

Timu yetu hupangwa kwa visoda. Kila Jumapili wakati wa msimu, tukishatoka kanisani, sisi watatu huketi kwenye baraza ya ploti moja Kawangware 46, tukafungua ubao wa drafti, tukamwaga mezani visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, na kuanza kubishana. Mwenye ploti ni mmoja wetu. Ni mzee wa vyumba vya kupangisha, na watu wote humwita Landlord, na hata mkewe humwita hivyo akikasirika. Wa pili ni fundi wa viatu kutoka Gatwekera, Kibera. Yeye ndiye hushona mipira yetu ikiachia, na kwa sababu hiyo anaamini sauti yake ina uzito kuliko zetu. Wa tatu ni mimi. Nashona nguo Mashimoni, huko huko Kibera. Wananiita Ticha, ingawa sijawahi kusimama mbele ya darasa, kwa vile huu mchezo wetu mimi ndiye huwaeleza watu.

Nikueleze na wewe basi, maana hapa mtaani hakuna aliyezaliwa akiujua. Ni mpira wa Australia. Mpira wenyewe si duara. Umechongoka pande mbili kama papai dogo, na ukidunda chini hujui utaelekea wapi. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne, miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya ile mirefu, ni goli, unapata pointi sita. Ukipita kati ya mrefu na mfupi, unapewa pointi moja, kama kukuambia pole. Unaweza kuushika mpira, kukimbia nao, na kumpa mwenzako kwa kuupiga ngumi; kuurusha kwa mkono ndiyo mwiko. Mwenzako akiupiga kutoka mbali ukaudaka hewani, unaachiwa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Na mchezo unapoanza, na kila baada ya goli, refa huutupa mpira juu katikati ya uwanja, kisha mtu mmoja wa kila timu huruka kuugonga uende kwa wenzake. Huyo mimi humwita mrukaji. Mkumbuke, kwa sababu habari yangu yote inamhusu yeye.

Wachezaji wetu wanatoka pande mbili, Kibera na Kawangware, na sheria yetu kubwa haimo katika kitabu chochote cha mchezo huu. Sheria ni nusu kwa nusu. Tunacheza kumi na wawili uwanjani na wanne wa kubadilishana nao, kwa hiyo wanane wawe wa Kibera na wanane wa Kawangware. Ilizaliwa na ugomvi. Mwanzoni Fundi alijipangia timu peke yake, akaijaza majirani zake wa Gatwekera, na wiki iliyofuata hakuna mtu hata mmoja wa Kawangware aliyekuja mazoezini. Tulibaki wachache, tukipigiana mpira kama watu wanaosubiri mvua ipite. Nusu kwa nusu ndiyo iliyowarudisha. Kwenye ubao, kisoda kikitazama juu mtu ni wa Kibera, kikilala kifudifudi ni wa Kawangware. Unaangalia, unaona vinane hivi na vinane vile, roho inatulia, unakunywa chai yako.

Kwa muda mrefu tuliangalia hilo tu.

Sasa, Mashimoni nina jirani anayesukuma mkokoteni wa maji. Ni mrefu hivi kwamba akitoka nyumbani huinama mara mbili, kwanza kwa sababu ya mlango, kisha kwa sababu ya kamba za nguo. Hana mbio. Kibera tuna vijana wenye mbio wengi sana, na kila tulipotafuta wanane wetu, wenye mbio walijaza nafasi zote, yeye akabaki nje. Hata hivyo hakukosa mazoezi msimu mzima. Siku za mechi alivaa jezi kama wengine, akabeba begi la mipira begani, akaenda nalo na kurudi nalo. Majirani wakaanza kumwita Mbeba Begi.

Jumamosi moja alikuja kibandani kwangu na suruali. Suruali zake zote mimi huziongezea kitambaa chini, kwa hiyo nilidhani ni kazi ya kawaida. Akaiweka kwenye cherehani, kisha akaweka na begi la mipira karibu yake.

"Ticha," akasema, "mke wangu ameniuliza swali. Ati, 'Wewe huenda kucheza, ama huenda kusindikiza begi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Kesho mkipanga timu na nisiwe kwa ubao, hilo begi likae hapo tu. Sitarudi. Si hasira, Ticha. Nimechoka kuulizwa."

Nilimwambia asikate tamaa, kwamba nitamsemea. Sikumwahidi zaidi ya hapo, kwa sababu nilijua hesabu ya visoda ilivyo. Akainama mlangoni, akaenda zake.

Kesho yake tukawa barazani. Fundi alikuwa amepanga timu kabla chai haijamiminwa. Vinane vilitazama juu, vinane vimelala.

"Imekaa poa," akasema. "Tufunge mkutano. Kuna supu inaningoja."

"Imekaa poa, lakini hebu nipe visoda vingine," nikamwambia.

Landlord akanisogezea kopo. Kwenye drafti, kisoda kikivuka ubao mzima kinakuwa kingi, yaani mfalme, na kinabebeshwa kisoda cha pili juu yake ili wote wakione. Nikawaambia leo tuwafanye kingi wachezaji wetu warefu. Kila mtu mrefu awe na visoda viwili. Tukaanza kuvipandisha, wao wakidhani ni mchezo. Tulipomaliza kulikuwa na kingi wawili tu, na wote wawili walikuwa nyuma kabisa, wakilinda milingoti. Katikati ya ubao palikuwa tambarare.

"Haya," nikasema. "Refa ametupa mpira juu hapa katikati. Nani anaruka?"

Fundi akagusa kisoda kimoja kwa kidole kidogo. "Huyu wangu."

"Huyo ananifika hapa." Nikajigusa bega, na mimi mwenyewe si mrefu.

"Kwani shida iko wapi? Anaruka kama panzi!"

"Panzi akiruka na twiga, Fundi, mpira anachukua nani?"

Landlord akacheka hadi akamwaga chai kwenye sahani. Fundi hakucheka sana, lakini alikuwa anaangalia ubao.

Nikaendelea polepole, kwa sababu jambo hili si rahisi kuliona mara ya kwanza, na mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Si kwamba watu warefu ni bora. Ukijaza warefu, mpira ukianguka chini wanainama kuutafuta kama mtu aliyeangusha sindano, na wafupi wa timu nyingine washaondoka nao. Ukijaza wenye mbio, wanakimbia vizuri sana, ila wanakimbia nyuma ya mpira wa wengine. Ndivyo ilivyokuwa mechi iliyopita. Kila refa alipotupa mpira juu, wapinzani waliugonga wakauchukua, na vijana wetu wakabaki kufukuza tu. Timu inataka watu wa kukimbia, watu wa kudaka, na angalau mtu mmoja wa kuruka. Huyo mmoja tunaye, nikasema, na nikatoa visoda vyake viwili nilivyokuwa nimevishika kiganjani tangu mwanzo.

"Mbeba Begi?" Fundi akauliza.

"Mrukaji."

Akafikiri. Ni mtu wa haki akipewa muda. "Sawa. Basi atoke mmoja wa Kawangware, huyu aingie."

"Ati nini?" Landlord akaweka kikombe chini. "Huyo si mtu wa Mashimoni? Toeni mmoja wenu. Si hapo kuna Panzi?"

"Panzi ndiye alifunga mechi iliyopita!"

"Alifunga goli moja tu, na akaringa wiki mbili."

"Na watu wako walifunga ngapi, Landlord?"

"Nyinyi ongezeni tu mfike tisa, sisi tubaki saba. Halafu Jumanne mkifika mazoezini mtacheza na hao tisa wenu."

Hakuwa anatutisha. Alikuwa anatukumbusha, na wote tulikuwa tunakumbuka vizuri. Fundi aliweka kidole juu ya Panzi kama mtu anayezuia karatasi isipeperushwe. Mimi nilifunga kiganja juu ya visoda vyangu viwili, nikaliwaza lile begi lililokaa kando ya cherehani.

Wakati huo mlango wa chumba cha mwisho ukafunguliwa, akatoka mke wa jirani yangu. Mama yake ni mpangaji wa siku nyingi katika ile ploti, na Jumapili nyingi yeye huvuka kutoka Kibera kuja kumwona. Akatusalimu, akasimama kando ya meza akiangalia ubao.

"Hii ndiyo ile timu? Bwanangu ni gani?"

Nikafungua kiganja.

"Mbona ako kwa mkono?"

Fundi aliitazama chai yake.

"Heh," mke wa jirani akasema. "Yeye anawabebea begi, nyinyi mnambeba yeye. Sasa atacheza saa ngapi?"

Alisema akitabasamu, lakini hakuondoka. Alikuwa anangoja jibu la kupeleka nyumbani.

Landlord alikuwa amemkazia macho kwa namna ambayo sikuielewa. "Hebu niambie," akasema. "Wewe ulitolewa wapi ukiolewa?"

"Wewe nawe, Landlord! Si hapa? Watu wa kwao walipokuja kuniposa, ni nani aliwafungulia geti?"

"Ni mimi."

"Na mbuzi?"

"Nilikula." Akatugeukia, uso umemchangamka. "Mmesikia? Huyo mtu ni mkwe wa hii ploti. Nilimpokea mwenyewe kwa hili geti. Mkwe ni mtu wetu."

Akachukua visoda viwili kutoka mkononi mwangu, akavigeuza vyote viwili kifudifudi, akavipanga kimoja juu ya kingine katikati ya ubao. Sasa Kawangware walikuwa tisa. Alizungusha kidole juu ya watu wake, na nikaona mahali kilipokuwa kinaelekea. Kilitua kwa mmoja wa wale wanne wa kubadilishana. Akakitoa kisoda hicho na kukiweka pembeni ya meza.

"Huyu ni mtoto wangu mwenyewe," akasema. "Nitamwambia mwenyewe leo jioni. Mechi ya baada ya hii awe wa kwanza kufikiriwa."

"Atakubali?" nikauliza.

"Atanuna. Kisha atakula."

Hapo ndipo Fundi alipozinduka. "Ngojeni kwanza! Mnatuibia mrukaji mchana hivi?"

"Msimu mzima hukumtaka!"

"Nilikuwa namweka."

"Unamweka kama nyama ya Krismasi?"

Mke wa jirani akacheka, akajifunga leso vizuri. "Mwambieni wenyewe," akasema. "Mimi nikimwambia atasema namtania."

Nilimwambia mimi, jioni ile ile, mlangoni kwake. Akaniuliza kama suruali yake iko tayari, kana kwamba ndiyo angechezea, tukacheka wote wawili.

Jumamosi ikafika. Refa alipotupa mpira juu mara ya kwanza, jirani yangu aliruka mapema mno, akawa anashuka wakati mpira bado unapanda. Watu wakacheka. Kutoka pembeni nilisikia sauti ya mkewe, "Ngoja mpira ushuke, halafu uruke!" Hayo hayo nilikuwa nimemweleza wiki nzima kwa maneno mengi zaidi. Mara ya pili alingoja. Akaruka, mkono wake ukapita juu ya mkono wa mpinzani, akaugonga mpira chini kushoto, na aliyekuwepo kushoto alikuwa Panzi. Panzi hakuufukuza mpira siku ile. Ulimfuata yeye mikononi, akaondoka nao.

Jirani yangu hakuwa amepata mbio mpya. Alikuwa mzito kama kawaida, na kila baada ya muda tulimtoa apumzike, tukamrudisha. Lakini wenye mbio wetu sasa walikuwa na kitu cha kukimbia nacho. Mwisho wa mechi magoli yalilingana, na tukawapita wapinzani kwa zile pointi moja moja za pole. Kijana wa Landlord, aliyekuwa amenuna hadi mapumziko, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Tulianza kuondoka kwa makundi, tukiongea wote kwa pamoja, tukafika karibu na barabara kabla mtu hajauliza, "Begi liko wapi?"

Tukageuka. Begi lilikuwa peke yake kwenye nyasi, kando ya milingoti, kwa sababu mtu wake siku hiyo alikuwa na kazi nyingine. Jirani yangu, kwa mazoea tu, akaanza kurudi kulichukua.

"Wewe, hebu!" mkewe akamwita.

Landlord alikuwa ameshampita. Alilifikia, akaliinua, akalitupia begani pamoja na koti lake la kanisani.

"Mkwe habebi mzigo ukweni," akasema, na akatutangulia njiani, begi likimgonga kiunoni.

Jumapili iliyofuata nilimkuta Fundi amefika barazani kabla yetu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ubao ulikuwa umefunguliwa, visoda vimepangwa. Katikati palikuwa na viwili, kimoja juu ya kingine, na vyote viwili vilitazama juu.

"Huyu ni wa Mashimoni," akasema kabla sijaketi. "Anapolala ndipo kwao."

Landlord akatoka na birika, akaviona, akaliweka chini polepole, akavuta kiti. Nikasogeza kopo la visoda karibu, tukaanza.