Gato Niliyomsingizia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni mtu wa Maniema, lakini miaka yake mingi aliishi Ubundu, ambako marehemu mume wake alifanya kazi ya reli. Huko mtawa mmoja alimfundisha kupika gato, yaani keki, ya matunda makavu, na alipohamia kwetu Kisangani, desturi hiyo alihamia nayo. Mwanzoni mwa Desemba alianza kukausha vipande vya papai na nanasi karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Zabibu alinunua kidogo kidogo kwa wafanyabiashara wa Butembo, kisha akaloweka vyote ndani ya lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Kwa jirani yetu Mwislamu, bibi mmoja wa kwao Maniema, alipika ndogo ya pekee isiyoguswa na pombe. Siku ya Noeli sahani zilitoka nyumbani kwetu zikaenda nyumba nane au tisa.

Mimi sikuipenda. Ilikuwa nyeusi na nzito, na watoto wangu walichokonoa zabibu wakazipanga ukingoni mwa sahani. Lakini si ladha iliyonisumbua. Nilikuwa mwalimu, nina diploma yangu, na kila Noeli wageni waliingia kwangu wakamsifu mtu mwingine.

Mwaka ule mkuu wa shule yetu, mama wa makamo, alikubali kuja kula nasi. Siku chache kabla, nilikuwa nimeona kwenye simu gato nyeupe iliyopambwa kwa bonbon, yaani pipi, za kila rangi, nikaona hiyo ndiyo itakayonifaa.

"Mama, mwaka hii upumuzike," nilimwambia mama mkwe. "Gato nitaipika mi mwenyewe, ya bonbon. Watoto wa leo hawapende zabibu."

Alikuwa ameshakausha papai. Alijifuta mikono kwenye kitenge akasema sawa, nyumba ni yangu. Aliuliza jambo moja tu, kama bonbon nitazitia ndani ya unga au nitazipanga juu gato ikishapoa, kwa sababu sukari ikiingia motoni inageuka kitu kingine. Nilimjibu kwamba yote nimeyaona kwenye simu. Papai lake wakalitafuna watoto kama karanga, likaisha kwa siku mbili.

Tarehe ishirini na nne, saa sita mchana, nilitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka mkebe wa gato juu yake, nikafunika na kupanga makaa ya moto kwenye kifuniko. Ndani ya unga nilikuwa nimechanganya bonbon ngumu, konzi mbili. Nilipopindua mkebe, gato ilitoka nusu. Bonbon zilikuwa zimezama chini, zikayeyuka, nyekundu na kijani zikachanganyikana mpaka zikawa rangi ya tope. Niliibandua kwa kisu, nikaziba mashimo kwa ute wa yai uliopigwa na sukari, nikachomeka bonbon nyingine juu kwa mistari. Ukiitazama kwa mbali, ilipendeza. Mume wangu aliipiga picha. Nikaamua kwamba nitawatumia wenzangu wa shule kesho, wageni wakishaisifu.

Kesho yake, baada ya misa, walikuja kaka ya mume wangu na mkewe, na mkuu wa shule. Tulikula wali, kuku na pondu ya majani ya muhogo, kisha nikaleta gato. Kisu kiligoma katikati, nikakiegemea kwa mikono miwili. Kipande cha kwanza nilimpa mkuu wa shule. Aliuma, akashika shavu. Alitoa mdomoni kitu cha kahawia kama kigae cha chupa, na pamoja nacho kipande cha jino lake.

Hakukasirika. Alikifunga ndani ya leso, akauliza polepole, "Hii gato, ni nani aliipika?"

Shemeji yangu tayari alikuwa anamtazama mama mkwe, maana miaka yote alikuwa yeye. Ningenyamaza tu, ingetosha kuwa dhambi. Mimi nilisema.

"Ni mama. Munajua, uzee."

Mama mkwe alinitazama, si kwa muda mrefu. Akaweka kijiko chini akamgeukia mgeni.

"Macho yangu haione muzuri tena," alisema. "Munisamehe, mama."

Mume wangu aliinamia sahani yake. Mtoto wetu mkubwa alifungua mdomo kusema, na bibi yake akamwekea paja la kuku mbele yake.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama mkwe nje akisugua ule mkebe kwa maji ya moto na majivu. Nilipiga magoti. Hakuacha kusugua.

"Sikufanya vile juu yako," alisema. "Niliona haya juu ya mutoto yangu. Sikutaka wageni wajue alioa mutu wa namna gani."

Akanipa mkebe niushike upande mmoja. Machozi niliyokuwa nimeyaandaa hayakutoka.

Nilidhani mambo yameishia pale. Januari, katika chumba cha walimu, mkuu wa shule alisimulia kisa cha jino lake, bila ubaya wowote. Wenzangu walicheka, mmoja akaiita gato ya mawe. Nami nikacheka pamoja nao. Uongo wa mezani ulinitoka kwa woga, lakini kicheko kile hakuna aliyenilazimisha, na ndicho kinachoniumiza zaidi.

Desemba iliyofuata nilingoja harufu ya lotoko, haikuja. Nilinunua zabibu mimi mwenyewe nikaziweka kwenye mkeka wake. Akazisukuma kwangu. Alisema watoto wa jirani walimuuliza bombani kama gato yake ndiyo inavunja meno, na yeye hataki tena watu wapokee sahani yake kwa adabu tu, kisha waitupe.

Nilivaa viatu nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nilimjibu kwamba nilimwogopa. Alisema jino lilishatengenezwa. Hakunikaribisha kuketi. Kisha nilipita nyumba zote zilizokuwa zikipokea sahani, moja baada ya nyingine, nikirudia maneno yale yale. Wengine walicheka, wengine walinionea huruma, na mwanamke mmoja aliniomba nirudie ili dada yake naye asikie.

Mwisho nilifika kwa yule bibi Mwislamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua mtandio wake akasema twende. Aliketi kwenye mkeka kando ya mama mkwe wangu na kumweleza, mbele yangu, kila neno nililomwambia, bila kulainisha hata moja. Mama mkwe alisikiliza kama mtu anayepewa habari za ukoo mwingine.

"Bon, sawa," alisema. "Alete ile zabibu."

Mwaka ule alipika gato moja tu, ndogo, bila pombe, akaipeleka mwenyewe kwa yule bibi. Sisi nyumbani, baada ya wali, tulikula ndizi.