Mkimbiaji wa Mama

Juzi, kwenye runinga ya saluni moja mtaani Lidcombe, huku ugenini, nilimwona mlinzi wa mpira wa Kimarekani akimfukuza mkimbiaji aliyebeba mpira uwanja mzima, akamwangusha hatua moja tu kabla ya mstari wa mwisho. Ghafla nikasikia harufu ya sombe, majani ya muhogo ya Mama.

Alasiri moja ya utotoni mwangu, nyumbani kwetu mtaa wa Guildford, Mama alikuwa anapika sombe, na mawese yalinukia hadi sebuleni. Baba na wenzake wa kazi ya ghalani walikuwa wakimshangilia mlinzi kama huyo. Mama akatokea na mwiko mkononi.

"Kimbia, mwanangu! Kimbia!"

Baba akacheka. "Mama Riziki, sisi tuko na yule anayemfukuza."

Mkimbiaji akaangushwa. Wanaume wakaruka, kochi likalia. Mama hakurudi jikoni.

"Ameamka?" aliuliza, akasimama palepale hadi yule mtu alipoinuka.

Niliona haya. Nilidhani haelewi mchezo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba aliwahi kukimbia vile porini, akifukuzwa, mimi nikiwa mgongoni mwake.

Pale saluni watu walipiga makofi. Mimi nilisimama, nywele zimesukwa nusu, nikingoja mtoto wa watu ainuke.