Kiraka cha Gundi

Mama mkwe wangu alianguka bafuni kwake Handeni akavunjika nyonga, na mke wangu akaenda kumuuguza. Aliondoka Masuguru siku ya Jumatatu, akaniachia mtoto wetu wa pekee, binti wa darasa la pili, pamoja na maagizo mengi kuliko mzigo aliobeba. Nywele zisifumuliwe. Maji ya kunywa yachemshwe. Chumvi iko kwenye kopo la maziwa, sukari iko kwenye kopo la chumvi. Nilicheka, nikamwambia, "Wewe nenda kauguze. Hapa pana mwanaume." Alinitazama kidogo, akapanda gari.

Miaka hiyo nilikuwa naendesha bodaboda pale Korogwe mjini. Chini ya kiti cha pikipiki nilikuwa natembea na bisibisi, waya, spana mbili, na kichupa cha gundi ile kali ya majimaji, ambayo ukidondosha tone moja limeshashika kabla hujavuta pumzi ya pili. Kwa gundi hiyo nilishaunganisha madigadi, kioo cha pembeni, soli za viatu, hata mpini wa kikombe cha mke wangu. Kitu kikiharibika, mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kile kichupa. Sindano sikuwahi kuishika. Kwetu, kushona kulikuwa kazi ya mama, kisha ikawa ya dada zangu, kisha ikawa ya mke wangu.

Ijumaa ya wiki hiyo shuleni kwa binti yangu kulikuwa na mahafali ya darasa la saba. Madarasa ya chini yalipangiwa kuimba, na yeye alikuwa kwenye ngonjera, amepewa beti mbili. Wiki nzima alikuwa anazisema akioga, akila, akivaa viatu. Asubuhi hiyo aliamka kabla yangu. Nilipotoka uani kupiga mswaki nilimkuta amesimama mlangoni, sketi imenyooka, chini yake suruali nyeupe ya pamba kama wanavyovaa wasichana wetu wa Kiislamu, soksi juu, viatu vimefungwa kamba. Ila alikuwa ameinama kidogo, kiganja kimefunika goti la kulia.

"Toa mkono," nikamwambia.

"Baba, imechanika. Nilianguka jana pale bombani."

Akatoa mkono. Tundu la kupitisha vidole vitatu, na ngozi ya goti inachungulia.

"Nyingine iko wapi?"

"Imelowa. Uliiloweka wewe."

Kweli, niliiloweka mimi tangu juzi, ikawa bado imo kwenye beseni na povu limeshakufa.

"Mama huwa anashona kwa ndani," akasema, "halafu haionekani."

"Mimi nitabandika kwa nje, na haitaonekana vilevile."

Nikachukua foronya ya zamani, nyeupe, nikakata kipande cha mraba kwa mkasi. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwambia anyooshe mguu. Nakumbuka vizuri kwamba nilifikiria kumvua ile suruali. Wazo lilikuja, likasimama mbele yangu, nami nikaliondoa kwa sababu kuvua suruali ni kuvua viatu, na kufunga zile kamba upya ni dakika tano, na shule ilikuwa inaanza kuita. Mambo mengi ya asubuhi ile yamenififia, lakini hilo wazo halijafifia.

Nikamimina gundi kuzunguka tundu. Sikutoa tone, nilimimina. Nikaweka kipande cha foronya juu, nikakandamiza kwa dole gumba, nikaanza kuhesabu moja mpaka kumi kama nilivyozoea kwenye plastiki.

Sikufika nne. Kidole kilipata moto. Sikuamini mwanzoni, nikadhani ni jua. Kisha moshi mwembamba mweupe ukapanda kutoka kwenye goti la mwanangu, na harufu iliyonichoma macho, na yeye akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena na namuomba Mungu nisiusikie.

"Baba! Moto! Baba, moto!"

Nikataka kurudi nyuma. Kidole hakikutoka. Dole gumba langu lilikuwa limeshikana na kiraka, kiraka kimeshikana na suruali, suruali imeshikana na goti. Kila nilipojivuta, mguu wake ulinifuata, naye akazidi kulia. Kwa kichwa changu cha wakati ule niliamua kuvuta mara moja kwa nguvu, yaishe. Nikamshika paja kwa mkono wa kushoto.

"Usivute!"

Alikuwa bibi jirani yetu, Mshambaa mtu mzima, mkunga mstaafu. Sijui aliruka vipi ule ua wa mabua, maana magoti yake mwenyewe yalikuwa mabovu. Sikumwamkia hata. Yeye naye hakungoja shikamoo.

"Ukivuta utamchuna. Kaa hapohapo. Yesu wangu, kaa!"

Akachota maji ya baridi kwenye ndoo, akatumwagia, kata juu ya kata, juu ya kidole changu na goti la mtoto, maji yanatiririka mpaka kwenye viatu vilivyopigwa rangi. Binti yangu alikuwa amenishika shati kifuani kwa mikono miwili. Hilo lilinitia hofu kuliko moshi: mimi ndiye niliyemuunguza, na bado alinishika mimi.

Bibi alimwaga maji muda mrefu. Moto ulipopoa, akaleta maji ya vuguvugu kwenye bakuli, akasugulia kipande cha sabuni mpaka yakawa meupe, akawa anakilowesha kidole changu kwa maji hayo kikiwa bado juu ya goti. Akaingiza mpini wa kijiko taratibu kati ya ngozi yangu na kile kitambaa.

"Zungusha. Usivute, zungusha. Kama unavyobandua kitumbua kisikatike."

Kidole kilitoka, kikaacha ngozi yake ya juu kwenye kiraka. Kiraka chenyewe hakikusogea. Pembeni yake, pale suruali ilipokuwa imelowa gundi, nguo ilikuwa imekauka ngumu kama gamba.

"Hiki hatukigusi," bibi akasema. "Nendeni hospitali. Na wewe huendeshi. Tazama mikono yako."

Nikapiga simu kijiweni, akaja mwenzangu mmoja. Tukapanda, mimi nyuma yake, binti yangu mapajani kwangu, mguu umenyooka pembeni na khanga ya bibi imefunika. Njiani yule mwenzangu akageuza kichwa, akaniambia kwa nia njema kabisa, "Mtoto akiungua huwa wanataka PF3. Jiandae." Fomu ya polisi. Nilikuwa sijaifikiria polisi. Kutoka hapo mpaka kituo cha afya sikufikiria kitu kingine.

Tabibu alikuwa binti mdogo, pengine hajafika miaka thelathini. Akafunua khanga, akatazama.

"Nini hiki?"

"Gundi."

"Gundi ya nini kwenye mguu wa mtoto?"

Nikafungua mdomo. "Ya kiraka," nikasema, na nilivyolisikia jibu langu nikajua linasikika kama uongo.

"Mama yake yuko wapi?"

"Amesafiri."

Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani. "Baba, subiri nje."

Nje palikuwa na benchi, lakini sikuweza kukaa. Kati yangu na chumba palikuwa na pazia la kijani tu, halikufika chini. Niliviona viatu vya tabibu vikisogea karibu na kitanda, kisha nikasikia sauti yake imekuwa ndogo, laini, sauti ya kumtega mtoto aseme kweli.

"Nani amekuunguza, mama?"

"Baba."

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na kichanga mgongoni akanitazama, akahamia upande wa pili wa benchi. Niliutazama mlango wa nje. Siwezi kudanganya, niliutazama. Miguu ilikuwa mizito kama imezamishwa kwenye saruji mbichi, na sijui kama nilibaki kwa upendo au kwa kushindwa kutembea.

"Alikuunguza na nini?"

"Na kiraka."

"Kiraka?"

"Suruali ilichanika goti. Nilikuwa nasema ngonjera leo. Mama yuko kwa bibi. Baba hajui kushona." Akavuta kamasi. "Na yeye kidole kimeungua. Kilinasa."

Pazia likafunguliwa. "Nionyeshe kidole," tabibu akasema. Nikanyoosha. Akakitazama, pumzi zikamtoka, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Gundi hii ikikutana na pamba inachemka yenyewe," akaniambia. "Hukujua?"

"Sikujua."

"Wengi hawajui. Lakini nguo huvuliwa kwanza, baba. Hilo halihitaji kusoma."

Akamdunga ganzi, akakata suruali kuzunguka kiraka, kikabaki kisiwa cheupe juu ya goti. Kisha akaanza kukilowesha kwa maji ya dawa, analowesha, anangoja, anainua ncha kwa koleo dogo, anaacha, analowesha tena. Nilimshika mwanangu kichwa. Kila ncha ilipoinuka nilifumba macho, nikiogopa nyama itakuja nayo. Tulikuwa hapo mpaka adhana ya Ijumaa ikaita. Kipande cha mwisho kilipotoka niliona jeraha la ukubwa wa kifuniko cha soda, jekundu, na malengelenge pembeni. Halikwenda ndani sana. "Litapona," tabibu akasema. "Alama itabaki." Fomu ya polisi hakuitaja, nami sikuuliza.

Nyumbani nilimlaza kitandani kwetu, nikamkorogea uji. Na hapo nikafanya jambo ambalo naliona aibu kuliko ile gundi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia, "Mama ana mgonjwa kule. Tukimwambia atapata presha. Tusimwambie, eh? Mpaka arudi."

"Sawa, baba," akasema, upesi mno.

Alasiri simu ikaita. Mke wangu akamtaka mtoto, nikaweka sauti ya nje.

"Hujambo mwanangu? Mahafali yalikuwaje?"

Binti yangu akanitazama. Macho yake hayakuwa na chozi.

"Mazuri."

"Ulisema beti zako?"

"Nilisema."

"Zote mbili? Hukusahau?"

"Sikusahau. Walipiga makofi."

Miaka saba. Sauti haikuyumba hata kidogo. Na alikuwa amelala na mguu juu ya mto, bandeji inanuka dawa. Nilimwona akiwa na miaka kumi na tano, ameumizwa na mtu mahali fulani, anatuambia hivyohivyo, mazuri, walipiga makofi. Na aliyemfundisha ni mimi.

Nikaichukua simu. "Nimemuunguza mtoto," nikasema. "Goti. Nilitaka kubandika kiraka. Tumetoka hospitali. Hakwenda mahafali. Mimi ndiye niliyemwambia akufiche."

Nilisikia ndoo ikiburuzwa wodini kule Handeni, mtu akikohoa, na mke wangu akipumua.

"Mpe mtoto simu," akasema.

Alizungumza naye kwa Kizigua, chini chini, nami nikatoka uani nisisikilize.

Kesho yake kabla ya saa nne alikuwa ameshuka stendi. Mgonjwa alimwachia mdogo wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, na makelele ningeyaweza. Akaingia, akafungua bandeji mwenyewe, akatazama, akaifunga. Akanishika mkono, akakigeuza kidole changu kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akasema neno moja tu, na mpaka leo hajaliongezea.

"Si angeenda tu na suruali iliyochanika?"

Jeraha lilipona kabla mvua hazijaanza. Mtoto ndiye aliyechelewa. Nikimsogelea na kitu chochote mkononi, mkasi wa kucha, kitana, hata mswaki wenye dawa, alikuwa anavuta miguu chini ya sketi. Hakulia wala hakusema. Alivuta tu miguu, na mimi nikawa natembea nyumbani mwangu kama mwizi, mikono nimeionyesha wazi.

Nikamwendea fundi cherehani mmoja sokoni, nikamwambia nataka kujua kubandika kiraka bila kushona na bila kumuunguza mtu. Alicheka, nikamweleza, akaacha kucheka. Akanionyesha kitambaa chepesi chenye gundi ya kuamshwa na joto, kile wanachoweka ndani ya kola za mashati. Unakiweka kati ya kiraka na nguo, nguo iko mezani, peke yake, haina mtu ndani. Unatandika kitambaa kingine juu, unakandamiza kwa pasi bila kuiburuza, unainua, unaacha ipoe kabisa kabla ya kuigusa. Ukikosea, unapasha tena na kubandua kingali cha moto, taratibu kutoka pembeni. Nilijizoeza kwenye mashati yangu mabovu, nabandika, nabandua, nabandika. Kila pasi ilipogusa nguo jasho lilinitoka.

Siku gauni lake la nyumbani lilipochanika kwapani, mke wangu alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano. Nikamwomba aniachie. Nikamtoa mtoto nje, nikafunga mlango kwa komeo, nikapiga pasi. Nikaliacha gauni mezani muda wa kuchemsha maharage na kuyasahau. Ndipo nikafungua mlango nikamwita.

Alisimama kizingitini. Akaja, akaligusa lile gauni kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima sufuria kama limepoa. Akageuza mkono, akaligusa kwa kiganja. Akalinusa. Kisha akalivaa, akatoka mbio kwenda kucheza kombolela na wenzake, na mimi nikakaa kitandani nikasikiliza kelele zao.