Fundi Twaibu na Glavu Zenye Mfupa

Twaibu Anwari ni fundi wa makochi pale Kashai, na mwaka huu anatimiza miaka hamsini na tisa. Asubuhi utamkuta mbele ya banda lake, amekaa kwenye kigoda, misumari midogo ikiwa mdomoni, anavuta kitambaa juu ya sponji mpaka kisibaki na kunyanzi hata moja. Ikifika saa kumi anatema misumari, anatia udhu, anaswali, kisha anafungua mlango wa ghala lililo nyuma ya banda. Zamani lilikuwa ghala la kahawa, na siku za mvua kuta zake bado zinanukia kahawa. Humo anafundisha vijana mchezo wa ngumi, na vijana humwita Mwalimu.

Jina hilo lilinikera kwa muda mrefu. Mimi, Agnetha, nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, na marehemu mume wangu, Alexander Karugendo, alistaafu akiwa mkuu wa shule. Kwetu Buhembe tunakoishi, na Kanazi kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, mwalimu ni mtu aliyesomea kazi hiyo. Sikuona fundi wa makochi anaingiaje humo. Naandika habari zake kwa sababu yamesemwa mengi kuhusu binti yangu na ghala lile, na ni afadhali yasemwe jinsi yalivyokuwa.

Binti yangu, Kokuberwa, ni kitinda mimba. Ana miaka ishirini na miwili, na anafanya kazi katika maabara ya zahanati. Baba yake alipofariki, mtoto huyu alinyamaza. Karibu mwaka mzima alikuwa akijibu neno moja moja na kuacha chakula nusu. Ndipo rafiki yake Mwajuma, binti wa Maulida fundi cherehani wa Kashai, akamchukua kwenda ghalani. Mwezi wa pili tangu aanze nilimsikia akiimba jikoni huku anamenya ndizi. Kwa hiyo wenzangu wa jumuiya walipokuja kuniuliza, kwa upole mwingi, kama ni kweli binti wa Ta Karugendo, yaani Mzee Karugendo, anapigana ngumi, niliwajibu kwamba ni kweli, nikawaongezea chai.

Mwezi wa kumi Twaibu alitangaza kwamba kutakuwa na mashindano Muleba mwishoni mwa Novemba, na nafasi za wasichana ni mbili. Aliwachagua Mwajuma na Kokuberwa. Lakini aliweka sharti: wiki nne kabla, wapigane wao kwa wao kwa mazoezi, raundi tatu kila Jumanne. Asiyefanya hivyo haendi Muleba.

Nilikwenda kuona vifaa vyenyewe. Glavu za klabu zilikuwa zinaning'inia kwenye misumari ukutani, nyeusi, nene kama mito, zimechakaa. Jozi moja ilikuwa na kiraka cha maua ya njano, mabaki ya kochi la mtu. Nyingine iliandikwa LUKMANI kwa rangi nyeupe. Nilirudi nyumbani nimeamua kwamba mtoto wa Karugendo hatavaa kiraka cha kochi la mtu, wala jina la baba wa wengine. Nikampigia mpwa wangu aliye Mwanza anitafutie glavu nzuri.

Alileta nyekundu, za ngozi, zenye kamba ndefu za kufungia, nyembamba na za kupendeza. Nilizipeleka ghalani mwenyewe.

Twaibu alizishika kwa heshima. Alijifunga bandeji mkononi, akaingiza mkono ndani ya moja, akakunja ngumi, kisha akabonyeza kwa dole gumba pale penye vifundo vya vidole. Akarudia mara tatu. Halafu akanionyesha namba iliyopigwa chapa kwenye kifundo cha mkono: kumi. Alisema zile ni aunsi kumi, zimetengenezwa kwa siku ya mashindano, na pia zinafaa kupigia gunia. Kwa wasichana wawili wanaopigana kila wiki alitaka kumi na sita, zenye unene wa kutosha.

"Mashindano ni siku moja, Mama," alisema. "Mazoezi ni kila wiki, na uso ni ule ule."

Kijana mmoja aliyekuwa anaruka kamba, Gozbert, akamwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini sana, kwamba nshomile kaleta glavu za harusi. Nshomile ndilo jina watu wanalotutania Wahaya wakiona tunajivunia shule. Gozbert mwenyewe ni Mhaya wa Kanazi, nyumba yao ni ya nne kutoka kibanja chetu. Nilizichukua glavu zangu, nikaondoka nimenyoosha mgongo.

Njiani nilikuwa napiga hesabu. Aunsi moja ni gramu ishirini na nane na kidogo. Aunsi kumi ni gramu mia mbili themanini na nne. Kumi na sita ni mia nne hamsini na nne. Kilichopungua, basi, ni gramu mia moja sabini kwa kila glavu, na gramu hizo sikuwa na haja ya kuziagiza Mwanza.

Mtu aliyekulia kwenye migomba atanielewa. Mpira wetu wa utotoni ulikuwa wa majani makavu ya mgomba. Kata ya kubebea mtungi ilikuwa ya majani hayo, kadhalika mto wa mgonjwa, kadhalika kitanda cha kuku anayeatamia. Kwetu kitu kikihitaji kuwa laini, hatuulizi. Tunakwenda nyuma ya nyumba.

Jumamosi nilikwenda Kanazi, nikachagua maganda makavu ya mgomba yaliyo safi, nikayachana na kuyapondaponda mpaka yakawa kama pamba. Nikafumua bitana ya zile glavu, nikashindilia kidogo kidogo, nikizipima kwenye mizani yangu ya keki. Zilipofika mia nne hamsini na nne nikashona kwa mshono mdogo tuliofundishwa na masista, usioonekana mpaka uutafute. Glavu zilinenepa zikapendeza. Nilimwambia Kokuberwa zimetengenezwa. Hakuuliza na nani, nami sikusema. Jumatatu alizifanyia mazoezi kwenye gunia, akarudi akisema ni nzuri. Usiku mvua ilinyesha, zikalala kwenye begi zikiwa na jasho lake.

Jumanne nilikwenda kuangalia. Twaibu alizining'iniza kwenye mizani yake ya ndoana, mshale ukasimama panapotakiwa. Alinitazama, akazitazama, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa jibu sahihi lisilo na njia. Hata hivyo alimfunga Kokuberwa kamba, Mwajuma naye akafungwa zile zenye kiraka cha maua. Wote wawili walikuwa na kofia za kinga na kinga ya meno.

Sasa, Twaibu ana desturi yake. Kabla ya raundi ya kwanza, kila mpiganaji huchukua mkono wa mwenzake, huiweka glavu ya mwenzake kwenye shavu lake mwenyewe, na kuikandamiza. Anasema kinachokuja usoni mwako ukijue kwanza. Ukisema hapana, hakuna pambano, na hakuna wa kukucheka. Kokuberwa aliiweka glavu yenye maua shavuni akaitika kwa kichwa. Mwajuma akauchukua mkono wa binti yangu, akaukandamiza, akausogeza kidogo, akaukandamiza tena. Akatoa kinga ya meno.

"Mwalimu, hizi zina mfupa."

Gozbert alicheka peke yake, akaacha. Twaibu aliishika ile glavu, akaiinua puani, akanusa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kwa harufu namna ile. Aliwaambia vijana wote waende kuruka kamba nje, akamfungua Kokuberwa, kisha akaniomba nifike naye bandani. Kwa hilo ninamshukuru hadi leo: hakuuliza swali lolote mbele ya watoto.

Bandani alikuwako rafiki yake Lukmani, ambaye hushinda hapo akinywa kahawa na kukosoa kazi. Lukmani ana jicho moja. Twaibu alikaa kwenye kigoda, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wangu.

"Mshono huu ni mzuri kuliko wangu," alisema. Kisha akavuta kile nilichoshindilia. Hakikuwa tena kama pamba. Jasho lilikuwa limeyaingia yale maganda, yakashikana, yakawa vinundu, kimoja kikubwa kama kiazi kidogo, pale pale penye vifundo vya vidole. "Nipe kiganja chako, Mama." Nikampa. Akakipiga kidogo tu kwa ile glavu. Niliuma meno.

Lukmani aliinama akakiokota kinundu kilichoanguka.

"Huyu namfahamu," alisema. "Tumeonana zamani."

Ndipo akanisimulia, akicheka mahali ambapo mimi nisingeweza kucheka. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Klabu ilikuwa na jozi mbili, na sponji yake ilikuwa imekwisha. Twaibu, ambaye tayari alikuwa anajifunza ufundi wa makochi na anajiona mjuzi, alizijaza upya kwa majani ya mgomba ya kwao Kanazi. Wiki ya kwanza zilikuwa laini ajabu. Wiki ya tatu, katika mazoezi tu, marafiki wawili wakitaniana, Twaibu akampiga Lukmani ngumi ambayo siku nyingine isingemtoa hata jasho. Jicho halikupona.

"Na toka siku hiyo hajanipiga tena," Lukmani alisema. "Anaogopa hili lililobaki, maana ndilo linaloona makosa ya kushona kwake."

Twaibu alikuwa bado anafumua. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba anajua nilitaka kulinda jina la nyumba yangu, na si jambo baya. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba.

"Kiraka hakiharibu jina la Ta Karugendo, Mama. Jicho la mtoto wa Maulida lingeliharibu."

Mimi ndiye niliyefundisha watoto wa watu, mwaka hadi mwaka, kwamba jibu bila njia halina alama. Nilimwona Maulida akilini mwangu, kwenye cherehani yake, akiinua macho kuona mwanawe analetwa nyumbani amefunikwa uso. Na aliyemuumiza ni nani? Wangu.

Niliomba nifundishwe kuchagua glavu, na Twaibu alinifundisha pale pale, kama anayemfundisha mteja kuchagua godoro. Uzito ni mwanzo tu. Uzito hata jiwe linao. Jaribu ukiwa umefunga bandeji, maana mkono mtupu unadanganya. Kunja ngumi, isipokunjika vizuri, iache. Bonyeza palipo vifundo: ukisikia mfupa wa kidole chako, na mwenzako atausikia. Ukiachia, sponji irudi haraka. Ikibaki na shimo imechoka. Dole gumba liwe limeshonewa mwilini mwa glavu, lisije likaingia kwenye jicho. Kifundo cha mkono kishikwe kwa ukanda mpana wa kunata, kisilegee. Na baada ya mazoezi zianikwe kwenye upepo, zisifungiwe begini.

"Na rangi?" Lukmani aliuliza.

"Rangi ni ya Mama," alisema Twaibu, na hapo nilicheka mwenyewe.

Kisha akaenda ukutani, akarudi na jozi ile iliyoandikwa LUKMANI. Kumi na sita, sponji yake aliibadilisha mwenyewe mwaka jana. Alimkabidhi mwenye jina, Lukmani akanikabidhi mimi, mikono miwili, kama sisi Wahaya tunavyompa mgeni kahawa ya kutafuna. Nilirudi ghalani, nikamvalisha binti yangu, nikafunga ukanda. Nilimweleza yeye na Mwajuma nilichofanya, kwa maneno machache. Mwajuma alisema, "Haina shida, Ma Agnetha," akaiweka glavu ya Lukmani shavuni, akaikandamiza, akaitika kwa kichwa.

Walipigana raundi tatu. Nilihesabu kila ngumi iliyotua. Walipomaliza walikuwa wamelowa jasho, wanahema na kucheka, na nyuso zao zilikuwa kama walivyoingia nazo. Ikawa hivyo kila Jumanne hadi mwisho.

Muleba tulikwenda wengi, Maulida akiwa kiti cha pembeni yangu kwenye basi, senene wangu, wale panzi wa kukaanga, wakipita mkono kwa mkono tokea Kanazi hadi tunashuka. Mwajuma alishinda. Kokuberwa alishindwa kwa pointi na msichana mrefu wa huko huko Muleba, na hilo nalisema mwenyewe ili lisije likasemwa vingine. Aliposhuka ulingoni alikuwa na njaa, akala sahani mbili.

Zile nyekundu, baada ya kutolewa maganda na kushonwa, zimebaki za gunia. Lakini mpwa wangu alileta jozi nyingine, aunsi kumi na sita, rangi ya udongo, hazina uzuri wowote. Nilizibonyeza mwenyewe, nikiwa nimefunga bandeji, kabla ya kuzikubali. Twaibu aliziandika KARUGENDO kwa rangi nyeupe, akazitundika ukutani karibu na za Lukmani, na anayezihitaji anazichukua.

Wiki iliyopita nilipita pale kumpelekea kahawa. Gozbert alikuwa amezivaa, na kijana mwingine, nisiyemjua, alikuwa ameshika mkono wake na kuweka jina la mume wangu kwenye shavu lake. Alilikandamiza, akangoja kidogo, akaitika kwa kichwa.

"Endeleeni," alisema Mwalimu Twaibu.