Pikapu ya Katesh, Gari Kubwa la Tumati

Nilikuwa na wiki kumi za kuchagua gari, na karibu zote nilizimaliza kwa kugombana na watu.

Sababu ya kutaka gari ilikuwa moja tu. Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza iliishia njiani, masika yaliyotangulia, juu ya pikipiki: dereva mbele, yeye katikati, mke wangu nyuma amemshikilia mabega, na njia yetu ya Maretadu imegeuka uji mtupu. Pikipiki ilianguka mara tatu kabla ya kuvuka korongo. Walipofika kituo cha afya mtoto alikuwa ameshafariki tumboni. Nesi alimfunga kwenye kitenge cha mke wangu, tukarudi naye nyumbani kwa njia ile ile. Mwanangu alikuwa Arusha kwenye vibarua vya ujenzi. Nilimpigia simu mimi, na hadi leo siwezi kukumbuka nilitumia maneno gani.

Kwa hiyo ilipothibitika kwamba ana mimba tena, na kwamba atajifungua Aprili, katikati ya mvua, nilisimama jikoni nikaapa mbele ya wanawake wote wawili kwamba safari hii hapandi pikipiki. Mkwe wangu ni mtu wa utani. Aliniangalia akasema, "Baba, mimi nitapanda chochote kinachotembea, hata punda. Nifike tu." Kisha akainama kupepeta maharage.

Magari yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa pikapu ndogo huko Katesh, mali ya mfanyabiashara mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka ule mlima uliposhusha matope, stoo yake ya Jorodom ilifukiwa yote, ikabaki pikapu kwa sababu siku hiyo ilikuwa imepeleka saruji mahali pengine. Sasa alitaka kuiuza aanze upya. Ilikuwa gari ya zamani, rangi imepauka, mlango wa abiria unafunguka kwa nje tu. Lakini aliingia, akazungusha ufunguo mara moja, ikawaka. Akaizima, akaiwasha tena, ikawaka. Nilimweleza shida yangu yote.

"Mzee wangu, sitakudanganya," alisema. "Hii tope jingi haiwezi. Inavuta nyuma tu. Ila kila asubuhi inawaka, na ikikwama, watu wawili wanaitoa. Tena kule kwenu watu wapo."

Nilimshukuru, nikanywa chai yake, nikaondoka nimekasirika. Mtu aliyepoteza mjukuu kwenye tope unamwambiaje gari haliwezi tope?

La pili lilikuwa Tumati, kwa dereva mmoja mstaafu. Hilo lilikuwa gari kubwa la kizamani, refu, bati lake nene, lile la kuvuta magurudumu yote manne. Nilipokuwa kijana magari ya namna hiyo ndiyo yaliyoleta madaktari na mabwana shamba, na sisi tuliyakimbilia tukipiga makofi. Nilipolizunguka lile la Tumati nilijisikia kijana. Nilipanda juu ya bampa, nikapiga bodi ngumi, likalia kwa sauti nzito. Nyuma kulikuwa na viti viwili virefu vinavyotazamana, mgonjwa analala kabisa, mama yake anakaa pembeni. Ilikuwa Januari, jua kali, ardhi ngumu. Tulilipandisha kilima cha pale Tumati likapanda kama mchezo. Mwenyewe alisema stata imechoka, liegeshwe mteremkoni liwake kwa kushuka, na kwamba difu ya mbele, ile inayozungusha magurudumu ya mbele, inataka marekebisho kidogo. Katika maneno yote hayo mimi nilisikia "kidogo" tu. Kwenye ardhi kavu gari lolote linapanda. Hilo nalijua leo, na nilikuwa nalijua hata siku ile kama ningetaka kulifikiria.

Tofauti ya magari haya kwangu ilikuwa ng'ombe mmoja. Kwa pikapu ya Katesh, madume yangu mawili na mtamba mmoja waliokuwa zizini wangetosha. Kwa gari la Tumati ilibidi aongezwe ng'ombe mwekundu, na ng'ombe mwekundu hakuwa nyumbani kwangu. Alikuwa kwa jirani yangu wa bondeni.

Kwetu mtu hakusanyi ng'ombe wake wote zizi moja. Unaweka mmoja kwa huyu, mmoja kwa yule. Anayekaa naye anakunywa maziwa, anapata mbolea, na ndama wakifika idadi mliyokubaliana, mmoja ni wake. Ukiwa na msiba anakuja, akiwa na shida unakwenda. Ng'ombe anabaki wako, lakini huendi kumchukua kama unachukua jembe uliloazima. Unakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, unakaa, unakunywa kilichopo, unaulizia watoto, na siku hiyo hata husemi lolote. Unarudi siku nyingine ndipo unasema. Na kama nyumbani mle kuna mtoto mdogo anayetegemea maziwa, unangoja. Hayo nilifundishwa na baba yangu kabla sijafundishwa kusoma.

Jirani wa bondeni alikuwa amekaa na ng'ombe mwekundu miaka sita. Na mke wake alikuwa na mtoto wa miezi kumi.

Mke wangu alinipinga waziwazi. "Nunua ile ndogo. Ng'ombe wa pale mwache."

"Ng'ombe ni wangu."

"Ni wako, ndiyo. Lakini yuko kwa watu."

Nilimwambia asinifundishe ng'ombe. Nilisema maneno mengine pia ambayo siyaandiki. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu mimi hutoka mdomoni ikiwa hasira, tangu ujana. Kila nikifumba macho naiona pikipiki imelala korongoni. Nikitazama kalenda ya kanisani iliyoning'inia ukutani naona Aprili inakuja. Mwenye gari la Tumati alisema kuna mtu wa Dongobesh analitaka, akanipa siku nne. Siku nne za kwenda bondeni, kukaa, kunywa, kurudi, kwenda tena! Niliona nitachelewa.

Basi nikamtumia jirani yangu ujumbe wa simu. Niliandika kwamba nina dharura, dalali atapita kesho asubuhi kumchukua ng'ombe, tutaongea baadaye. Nikabonyeza kutuma nikiwa nimesimama shambani kwangu, mahali ambapo moshi wa nyumba yake ninauona.

Hakujibu. Kesho yake dalali alipita, akapewa ng'ombe bila neno. Aliniambia mke wa jirani alisimama mlangoni na mtoto mgongoni mpaka ng'ombe alipopotea kilimani. Nikajiambia nitakwenda kuwaona nikishatulia. Gari likaja. Nililiegesha mteremkoni juu ya nyumba, watu wakalitazama wakiwa barabarani, wachache wakaingia uani. Sikwenda bondeni wiki ile, wala iliyofuata. Aibu ikikaa sana inakuwa kama kiburi, na watu huiona hivyo.

Nesi wa kliniki alikuwa amepanga kwamba wiki mbili kabla ya siku zake mkwe wangu aende akangojee karibu na kituo cha afya. Tulipanga Jumatatu. Uchungu ukaanza Alhamisi iliyotangulia, saa moja asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku tatu bila kupumzika.

Nataka niseme kwamba gari liliwaka. Tulimlaza kwenye kiti kirefu, mke wangu akakaa chini akimshika, nikaachia breki, likashuka, likanguruma. Mkwe wangu alicheka kidogo katikati ya maumivu, akasema, "Baba, leo tunakwenda kama wabunge." Nilifurahi kwa muda wa kama dakika tano. Tulipofika kwenye mteremko wa korongo nikaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote, nikasikia chuma kinasaga mbele, kisha kimya. Magurudumu ya mbele hayakuvuta. Yale ya nyuma yakazunguka yakichimba, na uzito wote ule niliokuwa nimeupenda Tumati ukakaa chini kwenye tope hadi ekseli.

Nilishuka na jembe nikachimba. Nikaweka mawe, nikaweka matawi, nikavua koti nikaliweka chini ya gurudumu. Nikapanda, likazama zaidi. Ndani mkwe wangu alikuwa ameacha utani. Alikuwa akiniita, "Baba, baba," sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusumbua. Mke wangu alitoa kichwa dirishani akasema, "Piga yowe."

Nilipiga yowe. Kwetu yowe likipigwa, mtu anaacha sufuria motoni. Nilipiga tena na tena mpaka koo likakauka. Ng'ambo ya korongo niliona watu wawili wamesimama chini ya mgomba, wametulia. Walikuwa wananiona vizuri. Mmoja aliingia ndani ya nyumba. Kisha na mwingine.

Sijawahi kuogopa vile. Nilimwogopea mtoto, nilimwogopea mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kwamba mimi ni mtu ambaye yowe lake haliitikiwi. Nililia pale pale kwenye tope, mzee mzima, halafu nikaanza kukimbia kuelekea bondeni.

Mke wa jirani alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimekuja..."

"Leo umekuja na miguu yako," alisema. Hakusema kwa ukali. Akageuka akaita ndani.

Mume wake alitoka akivaa viatu vya mpira. Nilianza kueleza, nikachanganya mambo, difu, ng'ombe, uchungu, msamaha, yote kwa pamoja. Alinikata kwa swali moja.

"Yuko wapi?"

"Korongoni."

Alitoka uani akapiga yowe lake. Moja tu. Sikuwa nimemaliza kupumua walipoanza kushuka, kutoka ng'ambo, kutoka juu, kutoka nyumba nilizokuwa nimezipigia kelele bure. Wanaume wanane, wanawake watatu. Mmoja alikuja na miti miwili mirefu, mwingine na blanketi na kamba. Walipofika kwenye gari walilitazama kidogo. Niliomba tulisukume. Jirani akatikisa kichwa.

"Hii mpaka ikauke, mzee. Tunabeba."

Walifunga machela kwa muda mfupi sana, kwa mikono inayojua kazi, wakamtoa mkwe wangu, wakamfunika. Wanne wakainua, wanne wakatembea pembeni kungoja zamu. Nilikwenda kushika mti wa nyuma. Kijana mmoja alikuwa ameshaushika. Nikazunguka upande wa pili. Pale pia palikuwa na mtu. Kila walipobadilishana nilisogea, na kila niliposogea palikuwa na bega jingine. Hakuna aliyenifukuza. Mwishowe mwanamke mmoja alinipa mwavuli, akasema nimkinge mgonjwa mvua. Machela ilikuwa juu mabegani mwao, sikumfikia vizuri. Nilitembea nyuma nimeushika mwavuli ambao haukumkinga mtu.

Ilikuwa safari ya zaidi ya saa mbili. Kupanda kule kwenye udongo mwekundu waliteleza, wakapiga magoti, machela ikabaki juu. Kuna mahali mkwe wangu alinyamaza kabisa na mke wangu akaanza kusali kwa sauti, na mmoja wa wabebaji, Mwislamu, mtu wa duka la pale njia panda, akaitikia "Amina" kila mke wangu alipovuta pumzi. Mimi sikuweza kusali. Nilikuwa nikihesabu hatua zao.

Mtoto alizaliwa saa tano kasoro, ndani ya kituo cha afya, mikononi mwa nesi. Wa kike. Alichelewa kulia. Tulisimama nje ya dirisha, mimi na wale wanaume wanane wenye tope hadi kiunoni, hakuna aliyeketi. Alipolia wote walicheka, wakapigana mabega, wakashikana mikono. Walinishika na mimi mkono, mmoja mmoja, kwa adabu, kama unavyomshika mgeni.

Nilingoja siku saba. Kisha nilikwenda bondeni, kwa miguu, nikakaa, nikanywa nilichopewa, nikaulizia watoto. Sikusema lolote. Nikarudi baada ya siku tatu, nikakaa tena, ndipo nikasema. Nilimshukuru jirani yangu kwa yote. Nikamwambia nimeshaongea na mtu wa kuliuza lile gari, na kwamba ng'ombe nitakayemnunua atakuja moja kwa moja kwake. Nikamwambia siku ile alinibeba mimi na nyumba yangu yote, na kwamba nitakufa sijasahau.

Alisikiliza mpaka mwisho, ametazama chini. Mtoto wake alikuwa amesimama ameshika goti lake, anajifunza kutembea.

"Mzee," alisema, "tulimbeba mkwe wako. Wewe hatukukubeba."