Kikao Huku Mlango Ukivunjwa

Juzi nilikuwa namfuata mpagazi na robota langu la jinzi, kutoka soko la Guangyuan Xilu, huku China, hadi stoo huko Sanyuanli, akaanza kupanda ngazi ambazo miguu yangu ilizitambua kabla ya macho. Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Weee! Nilishika ukuta. Hapo ndipo baba yangu alipomvunja mwalimu mkono.

Ngoja nikueleze, maana nikisema shule utafikiria madawati. Ilikuwa sebule na chumba tu. Wazazi wetu, Watanzania wa biashara, walishinda masokoni, na shule za wenyeji hazikutupokea. Mwalimu alikuwa dada wa Moshi aliyekuja kusoma chuo kikuu akaishia kutulea. Alikuwa na mambo yake, yule! Kila asubuhi tulikaa kikao tukinywa uji wa ulezi, huku jirani akifunga mizigo, utepe wa gundi ukilia kraaa, kraaa. Kila mtoto alichagua mwenyewe cha kujifunza. Kwenye kura, mkono wa mwalimu ulihesabiwa mmoja, sawa na wa kitoto kilichoachishwa ziwa jana. Lakini ukishachagua, umalize. "Umesema mwenyewe, mama," angekukumbusha, na hapo huna pa kutokea.

Kanuni ya kwanza tuliyoipitisha: humu hapigwi mtu. Wote tuliijua mikanda ya nyumbani. Nyingine: anayeondoka aage mwenyewe kikaoni.

Mimi nilichagua kuwafundisha wadogo kusoma. Baba aliposikia nimeacha hesabu nifundishe watoto wa wenzake, aliwaka. "Nimekuleta China ucheze?" Akanichapa kwa waya wa chaji hadi mgongo ukafura, kisha akatangaza kwamba ananirudisha nyumbani, shule ya bweni, Mbeya. Asubuhi nilimtoroka nikakimbilia kwa mwalimu.

Baba akanifuata. Mlango uligongwa, kisha ukaanza kupigwa kwa chuma cha toroli. Na sisi tulifanya nini, jamani? Tulikaa kikao! Ndivyo tulivyozoea, la wote huamuliwa na wote. Mwalimu akauliza, "Wanaotaka tufungue?" Hakuna mkono. "Wasiotaka?" Mikono yetu ilikuwa bado juu mlango ulipoangukia ndani.

Baba alimzaba mwalimu kofi akaangukia sufuria ya uji, kisha akamkanyaga mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika, na nausikia hadi leo. Wale wadogo niliowafundisha wakamvamia wakimng'ata mapaja. Mmoja akarushwa ukutani, pua ikabubujika damu. Mwenye nyumba, mama wa Kichina aliyeishi ghorofa ya chini, akapanda na ufagio akipiga kelele kutushinda sote.

"Muulize mwenyewe," mwalimu akasema pale sakafuni. "Hapa huwa tunamuuliza mtoto mwenyewe."

Baba alinitazama akihema. "Haya, sema."

"Nabaki, baba. Sijamaliza."

Ngumi yake ilinitoa meno mawili. Alinibeba begani kama robota, wadogo wakililia jina langu kule juu, na mimi mdomo umejaa damu, siwezi kuaga. Wiki ileile shule ilifungwa, kwa sababu mwenye nyumba hakutaka tena kuona Mwafrika mlangoni pake.

Mbeya nilifaulu mitihani yote, na hakuna aliyewahi kuniuliza nataka nini. Siku hizi baba anajigamba kwa watu kwamba kipigo chake ndicho kilichonifanya bosi. Sijamsamehe, ng'o! Na kila safari nampelekea dawa za presha. Ila wale wadogo, sijui kama walikuja kujua kusoma.

Sasa mlango ni wa chuma, na ndani ni marobota hadi darini. Nilisimama pale kilipokuwa kikao, nikainua mkono. "Jamani, mimi naondoka," nikasema kwa sauti.

Mpagazi alidhani naulizia mzigo mwingine. Akatikisa kichwa, akanijibu lile neno ambalo wanunuzi hapa tunalisikia kutwa nzima: "Meiyou." Hakuna.