Beji ya Mama Niliyoikata kwa Mkasi wa Bati

Makosa ni yangu. Sitamsingizia shetani wala marafiki wabaya. Niliharibu kitu cha mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikapigiwa makofi, na yeye ndiye anayeteseka mpaka leo. Niacheni niseme hapa, kwa sababu kule ninakopaswa kusema nimeshindwa.

Mimi hutengeneza mapambo. Si ya dhahabu. Naokota vibonye vya simu zilizokufa, funguo zisizo na kufuli, nyaya, vifungo vya makoti, naviunganisha kuwa mkufu au bangili. Nilianza kwa kuwauzia hereni kina dada wa saluni pale Kenyatta Market. Kisha mtu mmoja akaniambia hiyo si biashara tu, ni sanaa, na kwamba kupitia mapambo mtu anaweza kujieleza. Kujieleza! Neno hilo lilinilevya. Nikawa siwezi kutengeneza hata pete bila kuitafutia maana.

Mama anauza viazi sokoni Kangemi. Ni mmoja wa kina mama wa kanisa, wale wenye yunifomu na beji kwenye kola. Beji yenyewe ni kibati kidogo chenye rangi, ukikikuta barabarani unakipita. Lakini mama alikingoja miaka mingi, maana yeye na baba hawakuwa wamefunga ndoa kanisani, na bila ndoa ya kanisani huvishwi beji. Waliifunga nikiwa sekondari. Niliona haya sana siku hiyo, baba na mvi zake na ua kifuani. Mama hakuona haya hata kidogo. Baadaye aliingia darasa la kina mama pale kanisani, akamaliza mafunzo, akavishwa, na akatuambia siku akifa azikwe nayo.

Sasa pini ya beji ikakatika. Akaniletea hadi chumbani kwangu, mtaa wa Satellite. Mami ndivyo anavyoniita mimi bintiye.

"Mami, si wewe unajuanga kushikisha chuma? Nirekebishie hii nivae Jumapili."

"Wacha tu hapo, Mama. Hiyo ni kitu ya dakika mbili."

Na kweli ingekuwa kazi ya dakika mbili. Lakini nilikuwa na maonyesho mjini, na mkufu wangu mkubwa, niliokuwa nimeuita Mama, ulikuwa haujapata kitu cha kukaa katikati. Niliiweka ile beji pale nione tu. Ikakaa vizuri. Halafu nikafikiri itasema zaidi ikikatwa, nusu kanisa, nusu soko. Nikachukua mkasi wa kukatia bati, nikaikata. Nilijiambia nitamnunulia nyingine, kwani si zinauzwa tu? Sikuuliza mtu.

Haziuzwi. Unavishwa kwa maombi, mbele ya watu. Ukiipoteza, unasimama mbele ya wenzako ueleze, halafu unarudi darasani na wanaoanza, mpaka siku ya kuvishwa tena. Nimelelewa katika kanisa hilo na sikujua, kwa sababu mambo ya kina mama niliyaona ya wazee.

Jumapili ilipofika nilimwambia mama sijamaliza. Kwenye maonyesho nilimwalika mwenyewe. Nilidhani atafurahi, hebu ona ujinga! Alikuja na yunifomu, ndiyo nguo yake nzuri, kola ameifunga kwa pini ya kawaida. Mkufu ulikuwa umeshanunuliwa na mgeni ambaye angeondoka nao usiku ule ule kurudi kwao. Mama akasimama mbele ya ule mkufu, akainama kuutazama.

"Hii si yangu?"

"Ni sanaa, Mama. Hiyo ni stori yako."

"Stori yangu, na hukuniuliza?"

Hakuinua sauti. Alimaliza soda waliyompa, akaaga watu wote kwa mkono, akaenda nyumbani.

Jumatano, habari zangu zikiwa zimeshatoka gazetini, nilimfuata kwenye mkutano wa kina mama kanisani nikiwa nimeamua kusema ukweli. Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti akanisimamisha. Akawaambia wenzake huyu ndiye mtoto wetu aliyetoka kwenye gazeti, mfano kwa wasichana wetu. Wakanipigia makofi. Nikatabasamu, nikakaa. Ndipo akamgeukia mama.

"Dada yetu, na leo beji iko wapi?"

Mama akasimama. "Ilinipotea huko soko. Mnisamehe."

Mama yangu hasemi uongo. Hata mteja asiyejua kuchagua viazi, mama humwondolea mwenyewe vilivyooza. Siku hiyo alidanganya ndani ya kanisa kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa pale pale, naangalia viatu vyangu. Nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Hilo linaniuma kuliko hata ile beji.

Nilimtengenezea nyingine ya fedha, nikahangaika nayo mpaka ikafanana na ile kwa kila kitu. Akaigeuza, akaijaribu pini, akanirudishia.

"Umetengeneza vizuri, mami. Lakini hii hakuna mtu amenivisha. Vaa wewe."

Iko mezani kwangu. Sijawahi kuivaa.

Wewe unayechora, unayepiga picha, unayetengeneza chochote, jieleze utakavyo. Lakini ukitaka kumweleza mtu mwingine, nenda kamwulize kwanza, ana mdomo wake. Na ukishakosea, sema mapema, kabla hawajakupigia makofi. Wakishakupigia, kusema kunakuwa kugumu mno, mimi nawaambia. Mwenyekiti mpaka sasa hajui.

Wiki iliyopita mama aliniflash, nikampigia. Nikajua leo atanisema yote. Kumbe alitaka kalamu. Yake imeisha wino, na kule darasani alikorudishwa kuanza upya amekaa na wasichana wa rika langu wanaoandika haraka, naye anaachwa nyuma. Nikamwambia ninayo, nitampitishia pale sokoni.

"Sawa," akasema. "Lakini iwe kalamu tu, mami. Usiifanye kitu ingine."